Kiganja cha Shangazi na Mizani ya Kariakoo

Mazungumzo na waokaji wa majumbani, Dar es Salaam

Mheshimiwa mwenyekiti, mama zangu, dada zangu, na kaka zangu wachache mliojitosa kuja kwenye kikao cha keki: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wale wa habari za mchana, habari zenu. Wakubwa wote, shikamooni. Itifaki imezingatiwa, maana nikianza kutaja mmoja mmoja, dakika nilizopewa zitaishia kwenye majina.

Niliombwa nizungumzie safari yangu, toka kupika nyumbani hadi kuandika mapishi na kuuza keki. Kwenye kadi wameandika "safari ya mafanikio". Hayo mafanikio tumwachie mwenyekiti, yeye ndiye aliyeandika. Safari yenyewe ni fupi kuisimulia. Nilikuwa karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, nakaa Tabata, napika jioni nikirudi. Nikawa napiga picha chakula naweka mtandaoni. Watu wakauliza, "Unapikaje?" Nikaanza kuwajibu kwa maandishi, majibu yakawa marefu, yakahamia kwenye blogu. Kisha wakauliza, "Unauza?" Nikaanza kuuza. Siku ofisi ilipopunguza watu, nami nikiwemo, oda za keki zilikuwa tayari zinalipa kodi ya nyumba. Basi, ndiyo hivyo.

Nilichokuja kukizungumza kiko kwenye huu mkoba. Hiki hapa. Mizani ya jikoni, ya betri, nimeinunua Kariakoo. Mnacheka? Haya, chekeni, lakini ningeulizwa kitu gani kilinitoa kwenye kupika nikaingia kwenye kazi, nisingetaja oveni wala simu nzuri ya kupigia picha. Ningetaja hii.

Mtu aliyekulia Mwanza anakuomba mapishi ya mkate wa sinia. Hajawahi kuuona ukipikwa. Unamwandikia: mchele kiasi, tui kiasi, sukari unavyopenda, hamira kidogo. Umemsaidia nini huyo? Umemwambia aje akae jikoni kwako. Na sisi tulikaa majikoni kwa mama zetu, ndiyo maana tunaelewana wenyewe kwa wenyewe. Yule wa Mwanza hakukaa. Mtoto wako anayesoma Dodoma naye hakai.

Kwa hiyo Ramadhani moja nikaichukua mizani nikaenda nayo Magomeni kwa shangazi. Mkate wake wa sinia mtaa mzima unaujua. Kuanzia saa kumi jioni watoto wanapishana mlangoni na visahani. Nikaiweka mizani pembeni ya ungo, na kila alichotaka kumimina nikamwambia, shangazi, pitishia hapa kwanza. Mchele akavumilia. Tui akavumilia. Kwenye sukari akashika kiuno. "We mtoto, unanipimia sukari kama tunauza karafuu?" Nikamwambia, nisamehe shangazi, nimalizie tu. Akaendelea, lakini kwa kununa. Anachota kiganja, anatikisa vidole mara mbili, chembe zinarudi bakulini, zinazobaki ndizo zinaingia kwenye bakuli la mizani. Nikasoma namba. Akachota tena, nikasoma. Kila kiganja kilikuwa kati ya gramu 35 na 38. Viganja vitano, na hakuna kilichotoka nje ya hapo.

Jamani, nilishangaa. Mimi nilienda pale nikidhani shangazi anabahatisha na mimi ndiye mwenye sayansi. Kumbe mama wa watu anapima toka zamani, tena vizuri. Shida ni moja tu: kile kiganja hakitumwi kwa WhatsApp. Akifunga macho, anaondoka nacho.

Ndiyo maana leo ukiniomba mkate wa sinia nakupa hivi. Mchele gramu 400, ulowekwe usiku kucha. Uwe mchele mkavu, wa msimu uliopita ukiupata, maana mchele mpya unanata. Tui zito mililita 350. Hamira ya chenga gramu 3, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai. Iliki ya kusaga nusu kijiko. Sukari gramu 180. Ute wa yai moja. Unasaga mchele na tui mpaka ukifikicha kwa vidole usisikie chenga, hamira na iliki vinaingia humo humo, unafunika. Sukari bado. Shangazi aliniambia tu, "Sukari mwisho," hakuniambia kwa nini. Sababu nimekuja kuipata mwenyewe kwa kusoma. Sukari nyingi inavuta maji, hamira inanyimwa, mkate unachelewa kuumuka. Ukishaumuka ndipo unaweka sukari na ule ute, unakoroga taratibu, unamimina kwenye sufuria iliyokwisha kupata moto na mafuta kidogo. Vitundu vikitokeza juu na kingo zikishika, unapalia. Shangazi anapalia makaa juu ya mfuniko. Mimi naingiza kwenye oveni, nawasha moto wa upande wa juu.

Mmeona nimeandika mililita, sikuandika nazi mbili. Nazi ya Mafia iliyokomaa na kile kinazi cha genge la jirani, unachokikuna mpaka unafika kwenye kifuu hujapata kikombe, hizo zote ni nazi. Anayeandika "nazi mbili" anamtega mwenzake.

Sasa tuvuke bahari kidogo, kwa sababu wengi wenu keki hamkujifunza kwa shangazi. Mmejifunza kwenye simu. Mapishi mengi ya keki yaliyoko huko yameandikwa Marekani au Uingereza. Mmarekani anapima kwa kikombe, na kikombe chake ni kama mililita 240. Wewe unachukua kikombe cha chai kabatini, ambacho kinaweza kuwa 180 na kinaweza kuwa 300. Oveni anakwambia nyuzi 350. Hizo ni za Fahrenheit. Kwa Selsiasi ni kama 177, weka 175 au 180 utakuwa salama. Kuna oveni zimeunguza keki za watu kwa hiyo namba moja tu.

Lakini hayo mengi mnayajua. Lisilosemwa ni pale anapoandika kwamba siagi iwe na joto la chumba. Chumba cha nani? Chumba chake yeye kina nyuzi 20 au 21. Sebuleni kwako Mbagala, mwezi wa pili, saa nane mchana, ni 31, 32, na siagi inaanza kulainika na kuyeyuka kwenye joto hilo hilo. Ukiiacha mezani saa nzima kama alivyosema, unarudi unakuta mafuta. Na mafuta hayashiki hewa. Ukipiga siagi na sukari, kazi unayoifanya ni kuingiza vitundu vidogo vya hewa. Bekingi pauda haitengenezi vitundu vipya, inavipanua vile ulivyoviingiza wewe. Kama hukuingiza chochote, ongeza bekingi pauda uwezavyo, utapata keki yenye ladha ya bekingi pauda. Hapa kwetu itoe siagi kwenye friji, ikate vipande vidogo, dakika kumi zinatosha. Bonyeza kwa kidole: kiache alama, kisizame.

Na hamira ni hivyo hivyo. Akisema unga uumuke saa moja na nusu, wewe wa Dar anza kuchungulia kwenye dakika 40. Krimu je? Krimu ya siagi tupu katika mji huu ni ya ndani, penye kiyoyozi. Wanaotucheka kwamba tunachanganya siagi na mafuta ya mgando, tuwaalike walete keki yao ya siagi tupu kwenye harusi ya bustanini Kigamboni, saa tisa alasiri, na maharusi bado wako foleni ya kivuko.

Kuna dada ameniuliza pale nje, kabla hatujaanza, kama anaweza kuanza bila oveni. Anaweza, na tena kwa heshima. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, kigae au kopo la kuinulia, chombo cha keki juu yake, mfuniko, makaa juu. Mama yangu ameoka hivyo keki za sikukuu miaka yote nikiwa mtoto, na zilikuwa zinaisha kabla ya wageni. Tofauti ni kwamba moto wa mkaa huwezi kuuandika kwa namba, kwa hiyo andika unachokiona: makaa yamefunikwa na majivu au bado yanawaka mekundu, ni makubwa au madogo, yako juu mangapi na chini mangapi. Keki inataka mengi juu kuliko chini. Ila usipange kubaki huko. Mwezi wa tano 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na bei ya gunia la mkaa nyote mnaijua inakoelekea. Mimi natumia gesi. Umeme nao ninao, lakini mwishoni mwa 2023, mgao ulipokolea, wenye oveni za umeme peke yake tuliwaona wakizunguka mtaani na mchanganyiko kwenye bakuli wakitafuta pa kuokea. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 235, ukaanza kuingiza umeme kwenye gridi, na watu wakapumua. Hata hivyo mtungi wangu siuondoi.

Turudi kwenye mizani, maana sasa nafika kwenye pesa, na hapa naomba simu ziwekwe chini kidogo.

Kuna keki ya zamani ya Waingereza iliyopikwa kwa ratili moja ya kila kitu: unga ratili, sukari ratili, siagi ratili, mayai ratili. Ukielewa hiyo umeelewa keki nusu nzima. Tuipunguze iwe gramu 250 kila kimoja. Angalieni mayai: sijasema mangapi. Yai la kisasa likitoka ganda ni kama gramu 50, kwa hiyo matano. La kienyeji linaweza kuwa 35 au 40, kwa hiyo sita au saba. Anayekwambia "mayai matano" bila kukwambia ya kuku gani amekuachia keki kavu.

Sasa hesabu. Nachukua bei za mfano tu, wewe utaweka za duka lako. Unga shilingi 2,000 kwa kilo, kwa hiyo gramu 250 ni 500. Sukari 3,000 kwa kilo, robo yake 750. Siagi 16,000 kwa kilo, robo yake 4,000. Mayai matano kwa 400 ni 2,000. Jumla 7,250. Hiyo ni keki iliyo uchi, haijavaa chochote. Bado vanila, bado krimu, bado rangi, bado ubao wa kuwekea, bado boksi, bado gesi, bado bando la kumjibu mteja anayeuliza "mwisho ngapi?" mpaka saa sita usiku. Bado mikono yako, ambayo wengi wenu mmeiandika sifuri. Halafu nasikia mtu anauza hiyo keki ikiwa na krimu na jina la mtoto kwa 15,000, na analeta mwenyewe. Dada yangu, hapo hujauza keki. Umechangia bethidei ya watu usiowajua, na maji ya kummwagia mwenye bethidei ni wao ndio wanamwaga.

Asiyepima hawezi kujua kwamba siagi peke yake imekula zaidi ya nusu ya hiyo gharama. Anayejua ataamua: nibaki na siagi nipandishe bei, au nichanganye na majarini niseme wazi. Yote mawili ni biashara halali. Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipopandisha bei ya ngano na mafuta ya kula duniani, na ngano yetu nyingi inatoka nje, mwenye gramu zake kwenye daftari alijua siku ile ile aongeze shilingi ngapi kwa kila keki. Wenzetu wengine waliendelea na bei ya zamani, oda zikawa nyingi kweli kweli, na mwisho wa mwezi hakuna kitu.

Na hili la kilo mlimalize wenyewe leo, mimi limenishinda. Mteja anaagiza keki ya kilo mbili. Mwokaji mmoja anahesabu kilo mbili za keki na krimu yake, mwingine anahesabu keki kabla ya krimu, wa tatu, huyu simtaji lakini tuko naye humu ndani, anahesabu unga na sukari alivyotia. Mteja anapanga bei zetu tatu kwenye simu anasema wewe ni ghali. Mimi nimeanza kuandika kwenye risiti: uzito baada ya kupambwa, nimepima, namba hii hapa. Na picha ya mizani namtumia.

Vibali nitapita haraka, kwa sababu watakuja wahusika wenyewe baada ya chakula. Jina la biashara unalisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Ubora na usalama wa chakula, wale waliozoea kutaja TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, tangu 2019 kazi hiyo iko TBS, shirika la viwango. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana mafunzo ya usindikaji, ulizeni ratiba. Ninachoongeza ni kimoja: ukitaka visheti vyako au biskuti zako za nazi zikae kwenye rafu ya duka, lebo inadai viungo na uzito halisi. Utaandika nini pale kama pakiti moja umejaza na nyingine umepunja?

Sasa kuandika. Nilipoanza, blogu za mapishi kwa Kiswahili zilikuwa zinachangamka. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, na mwenye blogu akitakiwa awe na leseni. Ukijumlisha ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka, ilikuwa shilingi milioni 2.1. Kwa mtu anayeandika namna ya kupika vitumbua, hiyo ni trei nyingi sana za mayai. Wengi walifunga. Tuliobaki tukahamia kwenye kurasa za mitandao ya kijamii, picha moja na maelezo chini. Kanuni zimebadilishwa tangu wakati huo, kwa hiyo anayetaka kufungua blogu leo aulize utaratibu wa leo, asisikilize hadithi zetu.

Hasara ya kuhamia kule ni kwamba picha ilikua, maandishi yakasinyaa. Mtu anaweka keki ya ghorofa tatu, chini ameandika "mapishi njoo inbox". Ukienda hakujibu. Tafuteni kwa Kiswahili vipimo vya biriani mtavipata vya kutosha. Tafuteni vya visheti, vya vibibi, vya mkate wa mofa, vya mkate wa ufuta, vilivyopimwa, vyenye gramu na dakika. Mtahangaika. Wakati huo huo keki ya ndizi ya Marekani ziko elfu, na zote zinafanana. Mimi sina ugomvi na keki ya ndizi, nauza. Lakini mwenye bibi Tanga, Kilwa au Unguja anayejua mkate ambao hauko popote kwa maandishi, huyo ana mtaji kuliko mwenye oveni ya milioni tatu.

Mtaniambia nikiandika kila kitu wataniiba. Wataiba, ndiyo. Picha yangu ya mkate wa sinia nimeikuta kwa watu ina jina lao. Picha inauma, nisiseme uongo. Mapishi hayaniumi, maana si yangu, ni ya shangazi, naye aliyachukua kwa mwingine. Ninachowaomba wanaoyachukua wasigeuze gramu 180 kuwa "sukari kiasi". Waibe vizuri.

Kuhusu picha zenyewe, dirisha, saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, zima taa ya dari. Yametosha.

La usafirishaji limeulizwa kwenye kikaratasi. Keki usiipe bodaboda, hata akiapa. Bajaji, boksi liwe sakafuni na si kwenye siti, na keki iwe imelala kwenye friji usiku ili krimu iwe imeshika. Wakati wa masika muulize mteja anakaa upande gani kabla hujachukua advansi, kwa sababu Jangwani pakijaa maji, Magomeni na Kariakoo zinakuwa mbali sana. Nauli ya kuzunguka ailipe nani, mkubaliane mapema na iandikwe. Advansi isipungue nusu. Anayesema "nitatuma kesho kwa M-Pesa", nawe unga wako unaukoroga kesho.

Nimeonyeshwa kidole kwamba muda umekwisha, lakini sehemu ya vitendo ni yangu pia, kwa hiyo sitoki. Mchele uliolowekwa tangu jana uko kwenye ile ndoo ya bluu, tui limeshakamuliwa, mizani ziko tatu mezani na betri nimebadilisha. Nataka kwanza wale wanaojiamini kwamba wanajua gramu 180 za sukari kwa macho. Mama mwenye kitenge cha njano, nimekuona ukitikisa kichwa toka mwanzo. Karibu hapa mbele, chota.